Kiti Chekundu na Maji ya Salale

Nyinyi mliobaki na ufunguo wa chumba cha kompyuta mmeniomba niandike, na mmesema niandike kama ninavyoongea. Mngejua ninavyoongea nikiwa peke yangu msingeomba. Nimeanza mara kadhaa nikachana, maana kila nikirudi kusoma naona nimejipamba, na mtu wa darasa la saba akijipamba kwenye karatasi huonekana upesi kuliko wengine. Basi nitafuata njia tangu siku ya kwanza, na nikifika kwa Siwema na baba yake na maji ya Salale nitakaa hapo, kwa sababu ndipo roho yangu ilipobaki. Palikuwa na msichana ambaye ama angemaliza mafunzo yake ama angerudi nyumbani kuanika uduvi, na hukumu ikawekwa juu ya programu isiyojaza hata ukurasa. Nikikumbuka huwa nacheka peke yangu jikoni, na wajukuu hunitazama kama wanaomtazama mgonjwa.

Vyeo na mshahara sitavigusa. Cheo nilikuwa na kimoja, na mshahara mnaujua.

Kabla ya chuo nilikuwa mpiga chapa kwenye duka la fotokopi karibu na stendi ya Kibiti. Maombi ya kazi, mikataba ya mashamba, kadi za harusi. Chuo kilikuwa kinatafuta mtu wa kufungua chumba, kufuta vumbi na kukaa na wanafunzi pale mwalimu anapokuwa darasa jingine. Mwalimu wa kompyuta alikuwa Mwalimu Sefu, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, zote hazina wino. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza hivi: mtu akija dukani kuandikiwa barua, na maneno yake yana kosa, unamrekebishia au unaandika alivyosema? Nikamjibu kuwa naandika alivyosema, halafu namsomea kwa sauti, akilisikia kosa analirekebisha mwenyewe. Akasema nianze kesho. Nilirudi nyumbani Mtawanya nikiamini kuwa amekosea mtu.

Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya mashine akaniambia niiamuru iandike jina langu. Nikaandika amri kama alivyonionyesha. Mashine ikanitolea mstari mwekundu. Nikajua nimeiharibu, nikachomoa waya ukutani, nikakaa na mikono mapajani kama niliyeletwa kituoni. Aliporudi akauliza kulikoni. Nikamwambia nimeizima isiumie zaidi. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaiwasha, akanionyesha kuwa nimefungua alama za kunukuu mwanzoni mwa jina na sikuzifunga mwisho. Haijaumia, akasema, umeifungulia mlango hukuifungia, nayo inangoja. Nikafunga. Likatokea jina Somoe, dogo, jeupe, kwenye kioo cheusi.

Sijui nililinganishe na nini. Niliiandikisha jina la mama yangu, na la mume wangu, na la mbuzi wetu aliyekufa. Mwalimu Sefu alinikuta bado niko kwenye ukoo. Anasema yeye, nilipompigia wiki hii kuhakikisha, kwamba mbuzi sikumtaja siku ile, nilimtaja siku ya pili. Huenda. Naandika yote mawili.

Sasa vyombo, maana ndivyo mlivyorithi na najua baadhi yenu mnaviona vya kitoto. Vilikuwa vitatu, na vyote ni vya Mwalimu Sefu, si vyangu, ingawa watu walizoea kuviita vya Bi Somoe. Cha kwanza ni vifuu vya nazi. Vitabu vina jina la Kizungu la mahali ambapo programu inaweka kitu ili ikikumbuke. Sisi tulipaita kifuu. Kifuu kina jina nje na kunde ndani. Ukitaka kuweka kunde mpya, za zamani zinamwagwa kwanza. Mwanafunzi akishika kifuu mkononi na kumwaga kunde kwa mkono wake, hasahau tena. Cha pili ni kijiti cha kufuatia mistari, kwa sababu jicho huruka na kijiti hakiruki. Cha tatu ni kiti chekundu.

Kiti kile ni cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, na nitaeleza ulivyovunjika. Anayekikalia ndiye mashine. Mwingine anasoma programu mstari kwa mstari, na aliye kitini anatenda kilichosomwa, hicho tu. Hasaidii, hakisii, hamwonei mtu huruma. Mashine haibishi, ndiyo sheria. Mnaona ni rahisi, lakini kwa watu wetu ni kazi ngumu kuliko hesabu. Sisi tumelelewa kuelewa nusu neno. Mgeni akisema ah, hapa kuna joto, maji yameshaletwa. Sasa mweke mtu kama huyo kitini, umsomee programu iliyosahau kusema "simama", naye anasimama kwa adabu yake tu, na kosa linapita bila kuonekana. Makosa mengi ya wanaoanza yako hapo. Wanaiandikia mashine kama vile ni shangazi yao.

Niwape mfano wa Jafari. Huyu ni kijana wa kwetu Mtawanya, mcheshi, na hakuna aliyenichosha na kunifurahisha kama yeye. Katika kitanzi chake cha kwanza, yaani amri ya kurudiarudia, aliiambia mashine iandike Karibu Mtawanya, halafu irudie. Hakuiambia mpaka lini. Ikaandika. Ikajaza kioo, ikaendelea, feni yake ikaanza kulia kama mashine ya kukobolea mpunga. Mimi siku hiyo nilikuwa sijui bado pa kubonyeza kuisimamisha, na Mwalimu Sefu alikuwa amekwenda kula. Tukasimama tukiitazama. Jafari akasema, "Bibi, tuiache. Nimeipa neno inalolipenda."

Huyu huyu Jafari ndiye aliyetuletea kesi ya shikamoo. Zoezi lilikuwa jepesi: programu imwamkie mtu kwa umri wake. Kama ni mkubwa iseme shikamoo, kama ni rika iseme mambo. Wenzake wote wakaandika, programu inauliza kwanza, una miaka mingapi, halafu inaamkia. Jafari akakataa. Akasema haiwezekani kitu kimkute mzee, kabla hakijamwamkia kimuulize umri. Wakamwambia bila umri kitajuaje cha kumwambia. Darasa likagawanyika. Wengine wakasema ianze kwa salamu aleikum, haina umri, wengine wakasema si kila anayeingia ni Mwislamu wa kuitikia, tuwe waadilifu, na waliosema hivyo walikuwa na haki. Nikamtazama Mwalimu Sefu, naye anatazama dari. Mwisho Jafari akasimama na hoja yake. Mashine hii ilinunuliwa juzi, sote tulimsaidia dereva kuishusha. Ni mdogo wa kila aliyemo humu. Iseme shikamoo kwa kila mtu, isiulize kitu. Programu yake ikawa na mstari mmoja. Mwalimu Sefu alimpa alama zote, na mimi mpaka leo sijui kama ilikuwa sahihi kwa mujibu wa zoezi. Ila nilipoingia kesho yake nikawasha mashine, ikanipa shikamoo, niliitikia marahaba, na nilikuwa peke yangu chumbani.

Haya, Siwema.

Alitoka Salale, kwenye visiwa vya mikoko, msichana mrefu wa maneno machache na kicheko kinachokuja ghafla kama chafya. Baba yake, Nahodha Mbwana, ana mashua ya kupeleka watu na mpunga, na ndiye aliyemleta chuoni mwenyewe, sanduku kichwani. Nisimsingizie mtu yule. Kuna watu wakisikia habari hii humfanya baba mkali asiyetaka mtoto wa kike asome. Si kweli. Alikuja katikati ya mafunzo akatukuta mimi na Mwalimu Sefu uani, akatuambia mkewe anaumwa mgongo, uduvi umekuja mwingi, na nyumba imepungukiwa mikono. Akasema anataka kumrudisha binti. Kisha akauliza, hiki kinachofundishwa hapa kinafaa nini kwao.

Nilimwambia habari za ajira. Nilipokuwa naongea nilijisikia jinsi nisivyojiamini, na yeye alinisikia. Mwalimu Sefu akasema swali hilo aulizwe mwenye kusoma. Siwema akaitwa. Akafikiri kidogo, akasema anaweza kuifanya mashine iseme maji.

Kwa mgeni wa huko nieleze. Delta nzima inakwenda na maji kujaa na kupwa. Mtu wa Kibiti anayetaka kwenda Salale, mgonjwa, mchuuzi, mwenye msiba, swali lake la kwanza ni maji saa ngapi, na wa kumjibu hayupo. Anapanda bodaboda mpaka bandarini anakuta mashua imekaa kwenye tope kama kuku anayeatamia, naye anakaa kuingoja. Nahodha mwenyewe hana shida hiyo; anajua mwezi ni wa ngapi, na kwa mwezi anajua maji.

Nahodha alicheka, ua mzima ukageuka. Akasema maji yanamwambia yeye, yeye amwambie binti, binti aiambie mashine, na mashine imwambie nani?

"Imwambie aliye Kibiti, Baba," Siwema alisema. "Wewe huko huna haja nayo. Huku hatuna wewe."

Nahodha akaweka sharti, na alilitamka polepole ili asije akageuka. Siku moja watakayokubaliana, mashine iseme maji yatajaa saa ngapi mchana na saa ngapi usiku. Ikipata yote mawili, Siwema abaki mpaka amalize, na yeye atatafuta mikono kwingine. Ikikosa, atafunga sanduku. Wakashikana mikono na Mwalimu Sefu. Kabla ya kupanda bodaboda akatupa kanuni yake, amesimama, Siwema anaandika kwenye goti: tangu mwezi uandame, siku kwa siku, maji ya usiku wake na maji ya mchana wake, na kila siku yanasogea kwa saa moja kasoro kidogo.

Siwema aliifanyia kazi kila siku mpaka tunafunga chumba. La kwanza lililomkwaza lilikuwa la saa, na hilo huwakwaza wote wa kwetu. Unaiambia mashine saa moja, wewe unaona jua linachomoza, yenyewe inaona usiku wa manane. Hilo tulilizoea, ni kutoa sita na kuongeza sita. Lililobaki lilikuwa hesabu tupu. Jafari alijipa kazi ya kumkagua, Siwema akamwambia nyinyi wa Mtawanya maji mnayaona kwenye ndoo, kaa kimya. Hakukaa kimya, lakini alikagua vizuri, lazima niseme.

Siku ya jaribio ikafika. Nahodha alisimamisha kijiti cha mkoko pale wanaposhukia, na pembeni ya kijiti akaliacha tunda la mkoko lielee. Tunda likiwa linapanda kwenye kijiti, maji bado yanakuja. Likisimama, yamejaa. Mtandao kule hukamata mahali pamoja tu, juu ya mtumbwi mbovu uliofudikizwa, kwa hiyo alisimama juu yake na simu sikioni, na sisi huku tumeiweka simu ya Mwalimu Sefu mezani kwa sauti kubwa, darasa zima limeizunguka kama wanaoamua kesi ya kuku.

Maji ya asubuhi. Mashine imesema saa moja na kitu. Tunasikia upepo, tunasikia mtoto analia huko mbali, tunasikia nahodha anapumua. Saa yetu ya ukutani ikafika pale pale.

"Limesimama," akasema.

Jinsi tulivyopiga kelele, mwalimu wa ushonaji alikuja na mkasi mkononi. Siwema hakupiga kelele. Alikaa, akacheka kile kicheko chake cha chafya, akafunika uso na mtandio.

Maji ya jioni tukakusanyika tena, tumekwisha kujiona washindi, Jafari ameleta mihogo ya kukaanga. Jua limezama. Saa iliyosemwa ikafika. Nahodha akasema bado linapanda. Tukangoja. Bado linapanda. Mihogo ikapoa. Simu ikakatika, akapiga tena, na bado linapanda. Ilipita karibu robo tatu ya saa kabla hajasema limesimama.

"Imekosa, mama," akamwambia binti yake. Aliisema taratibu, hakufurahi, na hilo ndilo lililotuumiza. Angecheka ningemkasirikia.

Siwema alimjibu ndiyo Baba, akainuka kwenda kukusanya nguo zake kambani. Mimi nikaichukua simu. Sijui nilipata wapi ujasiri, mimi ambaye huomba radhi nikikanyagwa. Nikamwomba jioni moja zaidi.

Akakubali. "Dada Somoe, maji hayana kinyongo. Kesho yanakuja tena, jaribuni. Lakini ya kesho ndiyo ya mwisho, nisionekane namchezea mtoto."

Kesho yake hakuna aliyefanya kazi nyingine chumbani. Mimi nilishikilia kuwa kosa liko kwenye hesabu ya kusogeza, nikakosea. Mwalimu Sefu alishikilia kuwa liko kwenye kutoa sita, naye akakosea, akakubali haraka kuliko mimi. Kilichotutesa ni kwamba asubuhi ilikuwa sawa. Kosa la hesabu halibagui, lingeharibu mchana na usiku. Hili lilikuwa kosa linalolala mchana. Jafari akasema labda ni popo, na hakuna aliyecheka.

Jioni ikaingia, tukabaki na kiti chekundu. Nilikiburuta katikati. Siwema akakikalia, yeye ni mashine. Jafari akashika kijiti, anasoma. Mimi nimeshika kifuu kilichoandikwa mwezi na kunde kiganjani. Mstari wa kwanza ulisema weka mwezi wa leo kwenye kifuu. Siwema akasema sita, nikatia kunde sita. Tukashuka mpaka chini, mstari kwa mstari, tukapata ile ile saa ya makosa. Jafari akasema tuanze tena, na niseme ukweli kwamba hakuwa na wazo lolote, alitaka tu tusinyamaze.

Katikati ya pale adhana ya magharibi ikapigwa msikitini. Tukakaa kimya mpaka ikaisha. Jafari akarudisha kijiti juu. Weka mwezi wa leo kwenye kifuu.

"Saba," Siwema alisema.

Mimi nilikwisha kutia sita. Nikamuuliza amesema ngapi. Akafungua mdomo kurudia, akaufunika kwa kiganja.

Jafari akasema, "Mashine imekosea. Sheria ya kiti, haikisii. Imesema sita sasa hivi."

"Haijakosea," Siwema alisema kupitia vidole. "Jua limezama. Siku imeingia. Leo ni saba."

Mwalimu Sefu alisimama polepole, akaiangalia mashine ya kweli pale mezani kama anayemwona mgeni kwa mara ya kwanza. "Hii ndiyo haijasikia adhana," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa nahodha, na kwa bibi zetu wote, siku huingia magharibi. Usiku ndio hutangulia, mchana wake hufuata. Kanuni aliyotupa ilikwenda hivyo. Mashine hubadili siku yake saa sita usiku. Kwa hiyo jioni ilikuwa bado imeshika mwezi wa mchana, ikatusomea maji ya usiku uliopita. Kosa lote liliishi kati ya magharibi na saa sita usiku, na kulipopambazuka halipo. Sote tuliokuwa chumbani tulijua siku inaingia lini tangu hatujajua kusoma, na hakuna aliyefikiria kuiambia mashine. Tuliiandikia kama shangazi yetu.

Nahodha alikuwa amesema ataswali magharibi, akitoka atapiga simu kuuliza saa. Tulikuwa na urefu wa sala moja. Wanaume wakakimbilia msikitini, sisi wanawake tukaswali chumba cha ushonaji, na sijui sala yangu ilipokelewaje, maana kila nikisujudu nilikiona kifuu. Siwema alirudi wa kwanza. Akaongeza mstari: kama jua limezama, ongeza moja kwenye mwezi. Akaiendesha. Mashine ikasema mwezi ni wa thelathini na tano. Aliuweka mstari ndani ya kitanzi, ukawa unaongeza moja kila mzunguko. Mwalimu Sefu aliingia na kofia ya sala kichwani, akatazama, akanyoosha kidole juu kidogo ya pale, bila kusema neno. Siwema akautoa nje. Mwezi saba. Simu ikalia.

"Nimetoka msikitini. Inasema saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika ishirini na nne, Baba."

Alikuwa anajua jibu, bila shaka, alilijua tangu asubuhi, na sauti yake haikulifichua. Akasema haya, anakwenda kusimama.

Mkiniuliza tulifanya nini kuanzia hapo mpaka saa ile, sikumbuki sawasawa. Isha iliswaliwa. Mlinzi alikuja kufunga geti, akaambiwa kisa, akabaki. Mwalimu wa ushonaji akaja, safari hii bila mkasi. Siwema alikaa sakafuni karibu na meza, kifuu cha mwezi kiko mapajani mwake, anazihesabu kunde, saba, anazirudisha. Kisha sauti ya nahodha ikawa inatupa habari kidogo kidogo. Linapanda. Linapanda polepole. Linasitasita. Saa ya ukutani hakuna aliyethubutu kuiangalia isipokuwa mlinzi, na mlinzi hakuelewa kwamba alipaswa kunyamaza, akawa anaitangaza kama mpira redioni.

"Limesimama," akasema nahodha.

Na mlinzi akasema, ndiyo hiyo hiyo.

Jafari aliruka juu ya kiti chekundu kucheza, na hapo ndipo mguu ulipovunjika. Alianguka na kijiti mkononi, akainuka anacheza. Mwalimu Sefu alimkumbatia mlinzi. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, halafu nikaona nalia, halafu nikacheka tena. Katika kelele zile tukasikia simu inasema hebu, hebu, tukanyamaza.

"Jana ilikuwa na nini?" nahodha akauliza.

Siwema akamweleza. Kwamba ilikuwa haijui siku inaingia magharibi, ilikuwa inangoja saa sita usiku.

"Saa sita usiku kuna nini?"

Tukatazamana. Mwalimu Sefu, mwenye shahada yake, akafungua mikono.

"Hakuna kitu, Baba."

Nahodha akacheka, kile kicheko kilichogeuza ua mzima, na kwa mara ya kwanza nikakisikia kuwa ni kile kile cha binti yake. "Basi baki hapo uifundishe," akasema. "Naona haina mzazi."

Wa kusifiwa kwa lile jambo mkitaka kuwataja muwataje hivi. Kanuni ni ya nahodha. Programu ni ya Siwema, na kosa lake lilifichuliwa na kinywa chake mwenyewe. Jafari ndiye aliyelazimisha tuanze tena. Kidole kilikuwa cha Mwalimu Sefu. Mimi nilishika kifuu.

Siwema alimaliza. Programu yake ikaingia kwenye simu za madereva wa bodaboda wa stendi, na mtu akiuliza maji saa ngapi anajibiwa papo hapo, wengine wanajibu kwa lafudhi ya Salale kabisa, ingawa hawajawahi kufika. Nahodha alichukua mpwa wake kumsaidia mkewe. Kila mwezi ukiandama hupiga simu chumbani kuhakikisha kwamba mashine haijasahau, na mnajua kwamba anachotaka ni kuongea na binti yake, maana ndiye mliyenaye sasa pale nilipokuwa nakaa mimi.

Siku yangu ya mwisho mlinipa khanga na maneno mazuri ambayo sikuyaamini yote. Watu walipotawanyika Siwema akakivuta kiti chekundu, na mguu wake wa waya, akaniambia nikae. Nikamwambia kitaniangusha. Akasema Bi Somoe, kaa. Nikakaa. Basi mimi ni mashine. Akachukua kijiti, akafungua karatasi yake, akasoma.

Simama. Chukua mkoba. Nenda nyumbani Mtawanya. Pumzika. Jumatatu ikiingia, rudi mstari wa kwanza.

Nikangoja. Hakukuwa na mstari mwingine. Nikamwambia, kama nilivyowaambia wanaoanza miaka yote ile, kwamba kitanzi hiki hakina pa kusimama.

"Mashine haibishi," Siwema alisema.

Nikasimama, nikachukua mkoba, nikaenda nyumbani Mtawanya. Nilipumzika, ingawa si vizuri sana. Na Jumapili, jua lilipozama, nilianza kutafuta viatu vyangu.